Kitufe cha Saba

Februari, Sarajevo. Theluji imegeuka tope
kabla tramu ya kwanza haijapita.
Mimi ni fundi lifti. Mikono yangu hunuka grisi
hata baada ya udhu,
na Mersiha husema huo ndio uturi niliomposea.

Kampuni yetu inatunza lifti mia mbili na kumi na nne:
hospitali, maghorofa ya wastaafu, maktaba moja,
na tangu mwaka jana jengo la kioo kando ya mto.
Ghorofa ya pili daktari wa meno,
ya nne mawakili, ya sita tupu,
ya saba kamari.

Nilikwenda kwa efendi Fikret, swali langu
nimelikunja kama risiti.
Nilitaka neno moja, halali au haramu,
nikalale.
Akateleka birika la shaba,
akanihoji kama fundi mwenzangu:
Lifti husimama ghorofa zote?
Zote.
Mwenye jino bovu huipanda?
Huipanda, kashika shavu.
Meza zao, mashine zao, unazigusa?
Sijavuka mlango ule. Naishia kwenye zulia.
Na mshahara wako, fedha nyingi hutoka wapi?
Hospitali, nikasema. Nadhani hospitali.
"Nadhani," akarudia, akamimina kahawa.

Akasema wanazuoni walikwisha kuupima umbali huu
kwa muuza zabibu:
yule anayeziuza sokoni kwa kila mpita njia,
na yule anayemfikishia mtu mlangoni
akijua pipa la mvinyo liko chumba gani.
Zabibu ni zile zile.
Ni miguu tu iliyosogea.
Kazi yako, akasema, imo kwenye shubha.
Si moto, ni moshi. Usiizoee harufu yake.

Nikatoka bila neno langu moja.
Nilimkasirikia mpaka kituo cha tramu.

Usiku wa Alhamisi simu ikalia saa nane.
Mtu kakwama baina ya sita na saba.
Nikapanda chumba cha mota, nikalegeza breki,
nikashika gurudumu la mkono.
Kwenye tundu la sakafu nilimsikia akilia,
akimtajia mtu asiyekuwepo
bei ya duka la viatu.
Juu au chini? nikapaza sauti.
Juu palikuwa karibu, sentimita arobaini,
na kanuni yetu ni mlango ulio karibu.
Tena lifti yenye mtu mmoja hupenda kupanda:
uzani wa upande wa pili humzidi,
ukiiachia, humpeleka yenyewe.
Akanyamaza.
Chini, akasema.
Nikamshusha kwa jasho, inchi kwa inchi,
mpaka kwenye giza la ghorofa ya sita.
Kazi ya usiku ule sikuiombea fatwa.

Jumatatu bosi Zdenko akatandaza mchoro mezani.
Lifti mpya, kuta za mahameli nyekundu,
vitufe viwili tu: sifuri na saba.
Haisimami popote njiani.
Maraka mia tatu juu ya mshahara, akasema,
na theluji hii utaikumbuka ukiwa na buti mpya.
Nilimtafuta kwenye mchoro mwenye jino bovu.
Hayumo.
Mpe mwingine, nikasema.
Zdenko, ambaye hafungi wala haungami,
akakuna kidevu: Shimo ni lile lile, kamba zile zile!
Zabibu, nikasema.
Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Kazi kapewa Armin, mwenye mapacha na mkopo wa nyumba.
Mungu analijua deni langu, aliniambia,
akiangalia viatu vyangu badala ya uso.
Sikumhukumu. Nani kanipa mizani?
Jana akaja kuniazima spana ndefu,
ile namba kumi na tisa aliyoniachia baba,
nikampa kabla sijafikiri.

Sasa ni saa tisa za usiku, Mersiha anakoroma,
theluji inaanza tena,
nami natazama dari nikiipima
njia ya ile spana.